Maswali ya Wasomaji: Solo za Gitaa na Majukwaa ya Hevi Metali ya Zamani

Katika toleo lililopita safu hii ilisema, kwa sentensi moja tu ya kupita njia, kwamba albamu bora za hevi metali, ile roki nzito ya magitaa ya umeme, ni zile zilizorekodiwa jukwaani kati ya mwaka 1972 na 1985. Sentensi hiyo imetuletea barua nyingi kuliko makala yote iliyoizunguka. Baadhi zinaunga mkono, nyingine zimeandikwa kwa hasira, na chache ni za watu wanaotaka kujua tu. Tumechagua zile zinazouliza jambo linalojibika, tukaziacha zinazobishania nani ni mpiga gitaa bora kuliko wote, kwa kuwa ubishi huo haujawahi kumalizika popote na hautamalizikia hapa.

SWALI: Ndugu Mhariri, niliujua muziki huu kwa kaseti za kaka yangu mkubwa, na hadi leo nikizisikia bendi zile zikipiga jukwaani mwili unanisisimka. Maonyesho ya siku hizi nayaona ni safi, hakuna noti inayokosewa, lakini hayanigusi. Je, ni umri tu unaonisumbua, au kweli kuna kitu kimepotea?

JIBU: Yote mawili yapo, ndugu yetu, na itakusaidia kuyatenganisha. Watafiti wa kumbukumbu wameona kwa miaka mingi kwamba mambo tuliyokutana nayo tangu utoto unapoisha hadi miaka ya ishirini na kitu hubaki akilini kwa nguvu kuliko yaliyotangulia na yaliyofuata, na muziki umo miongoni mwa mambo hayo. Kaseti za kaka yako zilikukuta katika umri huo. Hata kama bendi ileile ingerudi leo ikapiga vilevile, isingekukuta tena ukiwa kijana yule, na hilo si kosa la bendi wala si lako.

Hata hivyo usikubali kuambiwa kwamba ni umri peke yake. Namna ya kupiga jukwaani imebadilika, tena kwa mambo yanayosikika kwa masikio. Siku hizi, katika maonyesho mengi makubwa, mpiga ngoma huwekewa masikioni mdundo wa kompyuta unaomwongoza mwendo, kwa sababu taa, picha za skrini, fataki na sauti zilizorekodiwa mapema zote zimefungwa kwenye saa hiyo. Wimbo uliopangiwa dakika tano utachukua dakika tano London na dakika tano Tokyo. Mpiga gitaa aliyejisikia vizuri usiku huo hawezi kujiongezea mizunguko minne ya solo, yaani kipande ambacho gitaa lake linatangulia mbele ya wenzake, maana skrini haitamngoja. Mwaka 1972 hapakuwa na skrini ya kungojana nayo. Mwendo wa wimbo ulikuwa mikononi mwa mpiga ngoma, ukipanda bendi ilipopandwa na mori na kushuka ilipotaka kupumua, na urefu wa solo uliamuliwa na watu wanne au watano waliokuwa wakitazamana usoni.

Mfano ambao hatuchoki kuutoa ni bendi ya Kiingereza Deep Purple nchini Japani. Tarehe 15 na 16 Agosti 1972 walipiga Osaka, na tarehe 17 wakapiga katika ukumbi wa Budokan mjini Tokyo, huku fundi wa sauti Martin Birch akirekodi maonyesho yote matatu kwa mashine ya njia nane. Wazo la kurekodi lilitoka kwa kampuni ya santuri ya Japani, na wanabendi wenyewe hawakulitilia maanani sana. Albamu iliyotokana na siku hizo, Made in Japan, ina nyimbo saba tu katika santuri mbili. Space Truckin', wimbo ambao studioni ulikuwa wa dakika nne na nusu, umeshika upande mzima wa santuri, karibu dakika 20. Katika Strange Kind of Woman mwimbaji Ian Gillan anakiiga kwa koo kila anachokipiga Ritchie Blackmore kwenye gitaa, naye Blackmore anazidi kumpandishia, kipande baada ya kipande, mpaka inakuwa wazi kwamba mmoja anamtega mwenzake na mwenzake hataki kutegwa. Chini yao Jon Lord, aliyezoea kukipitisha kinanda chake cha Hammond kwenye amplifaya za gitaa ili kiwe na ukali, anasubiri aone wataishia wapi kabla ya kuamua aingie na nini.

Unachokikosa, kwa maoni yetu, ni hatari hiyo. Mtu anapoanza sentensi ya muziki bila kujua ataimalizaje, msikilizaji naye hushika pumzi, na anapoimaliza vizuri furaha huwa ya wote wawili. Noti iliyokosewa ni sehemu ya gharama yake. Kwa haki ni lazima tuongeze kwamba vifaa vya sasa vimewaletea wanamuziki nafuu kubwa: mwimbaji anayeisikia vizuri sauti yake mwenyewe masikioni halazimiki kupasua koo kushindana na ukuta wa spika, na waimbaji wengi wa zamani wangevipokea kwa mikono miwili. Kilichogharimu uhai wa muziki ni kuifunga bendi nzima kwenye ratiba ya kompyuta, na zipo bendi hata leo zinazokataa kufungwa hivyo.

SWALI: Ninajifunza gitaa, na mwalimu wangu anasema solo za hevi metali ni maringo ya vidole tu, hazina muziki ndani yake. Mimi nazipenda lakini nashindwa kumjibu. Kwa nini solo moja hubaki kichwani miaka yote na nyingine husahaulika kabla wimbo haujaisha? Tena, kwa nini nikipiga chumbani kwangu noti zangu zinakufa mapema?

JIBU: Dada, mwalimu wako amesema kweli kiasi, kwani baada ya mwaka 1978 maringo yalikuwa mengi. Mwaka huo albamu ya kwanza ya Van Halen ilitoka ikiwa na Eruption, kipande cha gitaa cha dakika 1 na sekunde 42, ambamo Eddie Van Halen anagonga nyuzi kwenye shingo ya gitaa kwa vidole vya mikono yote miwili na kutoa mfululizo wa noti ambao wasikilizaji wengi hawakuelewa umetoka kwenye chombo gani. Hakuwa mtu wa kwanza duniani kugonga nyuzi hivyo, lakini baada yake kila kijana aliyekuwa na gitaa la umeme alitaka kufanya vilevile. Wengi walichukua mbinu wakaacha mpangilio. Ukisikiliza kwa makini utagundua kwamba Van Halen anaifikia mbinu hiyo mwishoni, baada ya kutayarisha njia kwa milio mirefu, vituo na vichekesho. Wafuasi wake wengi walianzia pale yeye alipomalizia.

Solo inayobaki kichwani kwa kawaida inaweza kuimbwa. Mpe mwalimu wako jaribio hili: amsikilize James Hetfield wa bendi ya Metallica katika sehemu ya katikati ya wimbo Master of Puppets wa mwaka 1986. Watu wengi hudhani solo zote za Metallica ni za Kirk Hammett, lakini ile ya polepole ni ya Hetfield, ambaye kazi yake ya kila siku ni gitaa la rithimu, lile linaloshika mdundo wa wimbo, na Hammett anaingia baadaye na ile ya kasi. Jukwaani umati huimba solo ya Hetfield noti kwa noti ingawa haina neno hata moja. Ya Hammett hawaiimbi, nayo haikutungwa kwa ajili hiyo. Kazi yake ni kuutoa wimbo kwenye utulivu na kuurudisha vitani. Mtunzi aliyezipanga hivyo alijua anachokifanya.

Mwulize pia mwalimu wako kuhusu Tony Iommi wa Black Sabbath, kwa kuwa hapo maringo ya vidole hayawezekani. Iommi alikuwa kijana wa miaka 17 mjini Birmingham alipokatwa na mashine kiwandani ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, kile cha kati na cha pete. Yeye hupiga kwa mkono wa kushoto, hivyo mkono ulioumia ndio unaokanyaga nyuzi. Aliyeyusha plastiki ya chupa ya sabuni, akaifinyanga kuwa vifuniko vya vidole na kuvivalisha ngozi, akatafuta nyuzi nyembamba zisizomuumiza, na kufikia mwaka 1971 alikuwa akilegeza gitaa kwa nusu toni tatu chini ya kawaida. Kulegeza huko kulimpunguzia maumivu, na papo hapo kukaupa muziki ule uzito ambao bendi nyingi zimeuiga tangu wakati huo. Solo zake hazina mbio nyingi. Zina mtetemo mpana wa kidole na noti zilizosukumwa hadi juu kisha zikaachwa zilie, na ndizo zilizoanzisha kila kitu tunachokizungumza hapa.

Hatutaki hata hivyo uelewe kwamba solo nzuri ni lazima itungwe papo kwa papo. Randy Rhoads, aliyempigia gitaa Ozzy Osbourne, mwimbaji wa kwanza wa Black Sabbath, na kufariki katika ajali ya ndege huko Florida tarehe 19 Machi 1982 akiwa na miaka 25, alizitunga solo zake kwa uangalifu mkubwa, akazirekodi mara mbili au tatu zikiwa zimelaliana kabisa, na jukwaani alizifuata kwa ukaribu. Alikuwa mwalimu wa gitaa katika shule ya muziki ya mama yake kabla ya umaarufu, na hata katika ziara alikuwa akitafuta walimu wa gitaa la klasiki miji aliyopita. Kwake hatari ilikuwa mahali pengine: je, kitu kigumu namna hiyo, kilichopangwa mezani, kitasimama mbele ya watu usiku huu, huku anazunguka jukwaani na waya miguuni?

Kuhusu noti zako zinazokufa mapema, kosa si la vidole vyako. Amplifaya ya valvu inaposukumwa karibu na mwisho wake hubana na kuchafua sauti kwa namna inayoirefusha, na zaidi ya hapo, sauti kubwa inayotoka kwenye spika husafiri hewani na kuutikisa upya uzi uleule ulioitoa. Uzi unapewa nguvu na mwangwi wake wenyewe, kwa hiyo hauna sababu ya kunyamaza. Ndiyo maana mpiga gitaa wa zamani alikuwa akiziendea spika zake na kusimama mbele yake wakati wa noti ndefu. Watu walidhani ni mikogo ya jukwaani, kumbe alikuwa akitafuta mahali ambapo noti inaishi. Chumbani huwezi kufika huko bila kugombana na majirani. Tumia muda huo kufanyia kazi mtetemo wa kidole, maana ndio utakaokutambulisha siku ukipata spika kubwa.

SWALI: Nimesoma kwamba albamu nyingi za "jukwaani" tulizozipenda zilifanyiwa ukarabati studioni. Kama ni kweli, si tulidanganywa?

JIBU: Ni kweli kwa baadhi, na kiwango kinatofautiana sana. Unleashed in the East ya Judas Priest ilirekodiwa Tokyo mwezi Februari 1979, lakini mwimbaji wao Rob Halford mwenyewe amekiri kwamba sauti yake iliimbwa upya studioni. Mashabiki walikuwa wameshashuku zamani na kuibatiza albamu hiyo jina la dhihaka, wakiondoa "mashariki" na kuweka "studio". Kwa Live and Dangerous ya Thin Lizzy, ya mwaka 1978, mtayarishaji Tony Visconti amesema sehemu kubwa ilipigwa upya, nao waliokuwa kwenye bendi wanampinga, na kila upande una hesabu yake. Motörhead walifanya jambo tofauti: mwaka 1981 walitoa albamu iliyoingia moja kwa moja nambari 1 Uingereza, ikiwa na jina la Hammersmith, mtaa wa London, juu ya jalada, wakati hakuna hata wimbo mmoja uliorekodiwa huko. Sehemu kubwa yake ilitoka Leeds na Newcastle. Huo tunauhesabu kuwa mzaha, na mzaha mzuri.

Ili uweze kuhukumu mwenyewe, fikiria jinsi kazi hiyo inavyofanyika. Kila chombo jukwaani kina maikrofoni yake na njia yake kwenye utepe, hivyo kinadharia unaweza kufuta kimoja na kukiweka kingine. Lakini sauti huvuja. Gitaa linalotoka kwenye ukuta wa spika huingia kwenye maikrofoni za ngoma, za mwimbaji na za umati, na ukiifuta solo kwenye njia yake, mzimu wake unabaki kwenye njia nyingine zote. Ukipiga solo mpya isiyofanana na ile ya kwanza, mizimu miwili itapigana. Sauti ya mwimbaji ni rahisi zaidi kubadilisha, na gitaa la besi, ambalo mara nyingi huunganishwa kwa waya moja kwa moja, ni rahisi kuliko yote. Kwa hiyo, ikiwa kuna kitu kimoja unachoweza kukiamini zaidi katika albamu za jukwaani za enzi ile, ni solo za gitaa.

Ulidanganywa? Jalada lilikudanganya kidogo. Mikono ya wapiga gitaa Glenn Tipton na K.K. Downing katika albamu ile ya Tokyo haikukudanganya, nasi hatuoni sababu ya kuitoa rafuni kwa ajili ya dhambi ya mwimbaji aliyetaka kusikika vizuri. Tungependa tu kwamba neno moja dogo lingeandikwa nyuma ya jalada.

SWALI: Je, ni kweli Deep Purple waliwahi kutangazwa bendi yenye kelele kuliko zote duniani? Na kelele hizo hazina madhara?

JIBU: Ni kweli. Kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kiliwatambua kwa onyesho la mwaka 1972 katika ukumbi wa Rainbow mjini London, lililopimwa desibeli 117. Baadaye wachapishaji wa kitabu hicho waliifuta rekodi ya namna hiyo, wasije wakaonekana wanashindanisha watu kuharibu masikio. Madhara yapo, na hayaponi: kila desibeli kumi zinazoongezeka ni nguvu ya sauti mara kumi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022 kwa kumbi za burudani, limeweka kikomo cha wastani wa desibeli 100. Nunua vizibo vya masikio vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki, ambavyo hupunguza sauti bila kuizamisha, na usimsikilize anayekucheka. Wengi wa wanaocheka wameshaanza kusema "eh?" kila wanapoitwa.

SWALI: Solo za gitaa zilikwenda wapi miaka ya tisini? Rafiki yangu anadai bendi za mji wa Seattle, Marekani, ndizo zilizoziua.

JIBU: Rafiki yako anawapa watu wa Seattle sifa, au lawama, wasiyostahili yote. Nirvana walipovuma mwaka 1991 waliifanya fahari ya ufundi ionekane kitu cha kuonea aibu, hilo halina ubishi. Lakini Jerry Cantrell wa Alice in Chains, Kim Thayil wa Soundgarden na Mike McCready wa Pearl Jam wote walitoka huko, na wote walipiga solo. Kilichoziondoa zaidi ni kizazi kilichofuata, cha magitaa ya nyuzi saba yaliyolegezwa chini sana, kikifuata njia iliyofunguliwa na Korn mwaka 1994, ambamo gitaa likawa chombo cha mdundo na kelele za rangi mbalimbali.

Na sisi mashabiki tuseme ukweli: solo zilikuwa zimejichimbia kaburi. Kufikia mwisho wa miaka ya themanini kila wimbo ulikuwa na solo mahali palepale, baada ya kiitikio cha pili, ya kasi ileile na ya urefu uleule, kana kwamba ilikuwa imeandikwa kwenye mkataba. Jukwaani ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa mpiga gitaa aliachiwa dakika kumi peke yake wakati wenzake wamekwenda kunywa maji, akapiga mazoezi ya ngazi za noti huku watu wakielekea chooni. Tukisema tunazikumbuka solo za zamani, hizo hatuzihesabu.

Metallica walizitoa kabisa katika St. Anger ya mwaka 2003, na kamera zilizokuwa zikiwarekodi kazini zilimnasa Kirk Hammett akipinga, kwa hoja kwamba kuziacha ndiko kutakakoifanya albamu ionekane ya zama fulani tu. Albamu iliyofuata, ya mwaka 2008, ilijaa solo. Na kwingineko hazikuwahi kuondoka: Dimebag Darrell wa Pantera alipiga solo kali miaka yote hiyo, na mwaka 1994 albamu yao iliingia nambari 1 Marekani bila kumwomba mtu ruhusa.

SWALI: Wazee hawa wana miaka zaidi ya sabini sasa. Kuna haja ya kwenda kuwaona, au ni bora kubaki na kumbukumbu?

JIBU: Nenda, ila jua unakwenda kuona nini. Tarehe 5 Julai 2025 Black Sabbath walikutana kwa mara ya mwisho katika uwanja wa Villa Park, Birmingham, katika mtaa wa Aston walikokulia, wote wanne wa mwanzo, pamoja na mpiga ngoma Bill Ward ambaye hakuwa amepiga nao tangu mwaka 2005. Walipiga nyimbo nne tu. Ozzy Osbourne aliimba akiwa ameketi kwenye kiti cha enzi kwa sababu ya ugonjwa, na akafariki tarehe 22 ya mwezi uleule. Sauti yake haikuwa ya mwaka 1970, na hakuna aliyekuwepo aliyetarajia iwe. Iommi, akiwa na miaka 77, alipiga kama Iommi.

Glenn Tipton wa Judas Priest alitangaza mwaka 2018 kwamba ana ugonjwa wa Parkinson, akaacha ziara nzima, lakini usiku mwingine hupanda jukwaani kwa nyimbo za mwisho na kupiga anachoweza. Nicko McBrain, mpiga ngoma wa Iron Maiden aliyepata kiharusi mwezi Januari 2023, aliendelea hadi Desemba 2024 kisha akaacha ziara kwa hiari yake. Kila mmoja alichagua kwa namna yake, na hatuoni mmoja aliyekosea. Tunachokukataza ni kwenda na saa mkononi kupima kama wimbo umepungua kasi. Umepungua.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nina miaka 19 na nimechoka kusikia kwamba nimezaliwa nimechelewa. Nianze na albamu zipi za jukwaani, na nisikilize nini ndani yake?

JIBU: Marahaba. Hujachelewa, waliokuwepo wengi walisimama nyuma kabisa na hawakuona kitu. Made in Japan tumeshaieleza. Baada yake chukua Live After Death ya Iron Maiden, iliyotoka mwaka 1985 kutokana na ziara iliyoanzia Poland mwezi Agosti 1984 na kuendelea karibu mwaka mzima. Pande tatu za santuri hizo ni za Long Beach, California, na wa nne ni wa Hammersmith, London, na mtayarishaji ni yuleyule Martin Birch aliyekuwa Osaka mwaka 1972. Ina magitaa mawili ya solo, la Dave Murray na la Adrian Smith, na kazi yako ya kwanza ni kuwatofautisha bila kutazama picha: Murray huteleza, noti zake zikiungana kama hazijaguswa na kitu, na Smith hupanga vifungu vyake kama mtu anayezungumza na kuweka nukta.

Kisha usikilize Tribute, albamu ya kumbukumbu ya Randy Rhoads iliyotolewa mwaka 1987, ambayo sehemu yake kubwa ilirekodiwa Cleveland mwezi Mei 1981. Tafuta nyimbo hizohizo katika albamu za studio na uzilinganishe, ukisikiliza zaidi pale anapokuwa peke yake, bila gitaa la pili la kumjazia, na jinsi anavyoziba nafasi hiyo kwa noti ndogondogo katikati ya mistari ya mwimbaji. Mwishoni mwa albamu kuna kipande cha studioni ambamo anarudiarudia utungo mfupi wa gitaa la klasiki, anakosea, anazungumza na fundi, anaanza upya. Usikipitishe.

Sikiliza albamu nzima kwa mpangilio wake, kwa spika ukiweza, na usiruke solo za ngoma mara ya kwanza. Mara ya pili unaruhusiwa.